Manowari za Ngomeni: Zilizama, lakini mizinga ingali inasimulia

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto wa shule nyumbani, bila shaka amewahi kukuuliza swali likakufanya ukune kichwa. Mimi langu lilinipata Jumapili moja jioni, mtaani Landless hapa Thika, tulipokuwa tukitazama televisheni baada ya chai.

Palikuwa pakionyeshwa manowari ya kubeba ndege ya Marekani iitwayo USS Midway. Ilianza kazi mwaka wa 1945, ikastaafu 1992, na tangu 2004 imetia nanga katika mji wa San Diego, jimbo la California, ikiwa jumba la makumbusho. Sitaha yake ya kurukia ndege ina ukubwa wa ekari nne hivi. Hebu fikiria, ekari nne za chuma juu ya maji! Ukizikata ploti za futi 50 kwa 100, kama tulivyozoea huku kwetu, utapata zaidi ya 30. Sisi wa Landless, ambao jina la mtaa wetu ni la watu wasio na ardhi, tulibaki kutikisa vichwa.

"Baba," akauliza kifungua mimba wangu, ambaye yuko gredi ya sita, "na sisi yetu iko wapi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja: hatuna. Kenya haijawahi kumiliki manowari ya kubeba ndege, na majirani zetu pia hawajawahi. Lakini jibu la namna hiyo humfanya mtoto adhani kwamba historia ni kitu cha watu wengine. Nikakumbuka mahali ambapo mabaki ya manowari tatu yamehifadhiwa pamoja, mahali palepale ambapo mwenye macho anaweza kuona jinsi meli na ndege zilivyoanza kupigana vita bega kwa bega. Hapo ni Fort Jesus, Mombasa, ambapo wenyeji hupaita Ngomeni.

"Likizo ikifika tutakwenda kuiona yetu," nikamwambia. Maneno yakanitoka kabla sijayapima, na wewe unajua mtoto hasahau ahadi.

Safari yenyewe

Kutoka Landless, kando ya barabara iendayo Garissa, unapanda matatu hadi mjini Thika, kisha nyingine hadi Nairobi kwa barabara kuu iliyopanuliwa na kukamilika mwaka wa 2012. Ni mwendo wa kilomita 45 hivi. Kutoka jijini unaelekea stesheni kuu ya reli ya kisasa iliyoko Syokimau, ambako treni ya abiria ilianza kufanya safari zake kwenda Mombasa katikati ya mwaka wa 2017.

Ukiwa na watoto, ichague treni ya asubuhi. Hiyo husimama katika stesheni kadhaa njiani, na inapita katika mbuga ya Tsavo mchana kweupe. Wangu walihesabu ndovu hadi wakagombana juu ya hesabu. Jioni haijaingia mtakuwa mmefika Miritini, na joto la pwani litawapokea mlangoni kama shangazi ambaye hamjaonana naye siku nyingi.

Siku ya pili tulifika Ngomeni mapema. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, mahali ambapo hakuna meli ingeweza kuingia bandari ya kale bila kuonekana. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1960 ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na 2011 ikatiwa katika orodha ya Unesco ya turathi za dunia.

Kijana wangu alitazama kuta, akatazama bahari, kisha akanigeukia. "Baba, meli iko wapi?"

Meli iliyo chini ya maji

Mpenzi msomaji, meli ya kwanza iko hapo hapo mbele ya ngome, ila huwezi kuiona. Imelala chini ya maji tangu mwaka wa 1697.

Jina lake ni Santo António de Taná. Ilikuwa manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, nchini India, karibu na mji ambao leo unaitwa Mumbai. Ilikuja Mombasa kuwaokoa watu waliokuwa wamezingirwa ndani ya ngome na majeshi ya Imamu wa Oman. Mazingira hayo yalianza Machi 1696 na hayakuisha hadi Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa! Mwanzoni walikuwamo Wareno wachache tu, pamoja na Waswahili wa upande wao, wanaume, wanawake na watoto, wapatao 1,500. Kisha ugonjwa ukaingia. Njaa na maradhi yakaua watu wengi kuliko mizinga.

Mwisho wa Agosti 1697 kiongozi wa Kireno naye akafariki. Unadhani ngome iliachwa mikononi mwa nani? Ilibaki kwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu 17 wa ukoo wake, wanaume wengine Waafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika 50. Hao ndio walioshika zamu juu ya kuta zile, usiku na mchana, hadi meli za msaada zilipotokea mwezi wa Septemba. Mwezi uliofuata, Oktoba 20, Santo António ikiwa tayari imekwama na kuharibika usukani, ilizama chini ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa.

Ililala huko kwa karne tatu kasoro. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale, kutoka Marekani na kutoka makumbusho yetu ya taifa, waliichimbua kwa utaratibu. Mbao zake waliziacha baharini, kwa maana mbao zilizolowa maji miaka mingi hivyo huharibika zikipigwa na hewa. Vitu vilivyokuwa ndani vilitolewa kwa maelfu, na baadhi yake utavikuta katika jumba la maonyesho: mitungi, vyombo vya kauri vya Kichina, silaha, na vitu vidogo vidogo vya mabaharia.

Usipite haraka mahali hapa. Mke wangu alisimama kwa muda mrefu mbele ya vyombo vile. "Hata kwenye vita kuna mtu aliyeosha sahani," akasema. Nami nikawaza juu ya wale wanawake 50. Tunajua idadi yao. Majina yao hatuyajui.

Watoto watapenda pia michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno waliokuwa zamu kwenye ngome hii, miaka mingi kabla ya mazingira. Walichora meli, samaki na watu, kama vile mwanafunzi anavyochora nyuma ya daftari mwalimu akichelewa. Ni ushahidi kwamba askari naye huchoshwa na kungoja.

Mizinga ya maadui wawili

Sasa twende kwenye mizinga miwili ya chuma, ambayo kwangu ndiyo kiini cha safari hii. Mmoja ulitoka katika manowari ya Uingereza, HMS Pegasus. Mwingine ulitoka katika manowari ya Ujerumani, SMS Königsberg. Meli hizi mbili zilikutana mara moja tu kwa mapigano, nayo moja haikuondoka.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuzuka mwaka wa 1914, Königsberg ilikuwa katika maji ya Tanganyika, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, ilitokea Unguja, ikaikuta Pegasus imetia nanga ikirekebishwa mitambo. Pegasus ilikuwa meli ya zamani, na mizinga yake haikuweza kumfikia adui. Kwa muda usiotimia saa moja iliharibiwa kabisa, na siku hiyo ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha, na makaburi yao yako katika kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja hadi leo.

Lakini mshindi naye hakufika mbali. Mitambo ya Königsberg ilipata hitilafu, ikabidi ijifiche ndani ya delta ya mto Rufiji, ambako mikoko imesongamana na mikondo ya maji imegawanyika kama vidole. Waingereza walijua iko humo, ila hawakujua ni wapi hasa.

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo ndege inapoingia katika hadithi yetu.

Ndege yenye rejeta ya gari

Mnamo Novemba 1914 Waingereza walimleta rubani mmoja wa kiraia kutoka Durban, Afrika Kusini, aliyeitwa Dennis Cutler, pamoja na ndege yake iliyoweza kutua majini. Ilibebwa na meli hadi kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Ilikuwa kuukuu, na joto la huku liliishinda. Inasimuliwa kwamba rejeta yake ilipoharibika, meli ilitumwa Mombasa kutafuta nyingine, nayo ikarudi na rejeta ya gari aina ya Ford. Kijana wangu alicheka hadi akashika tumbo. "Kumbe jua kali ilianza zamani!"

Kwa ndege hiyo Cutler aliiona Königsberg imejificha mtoni. Baadaye, katika safari nyingine, ndege yake ililazimika kutua na akatekwa. Lakini siri ilikuwa imekwisha kufichuka. Mwaka uliofuata zikaletwa ndege nyingine, pakasafishwa uwanja kisiwani Mafia, na zikaja meli mbili za mizinga zilizoweza kupita katika maji machache, Severn na Mersey.

Julai 11, 1915, meli hizo ziliingia mtoni. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao, kwa sababu mikoko ilikuwa katikati. Macho yao yalikuwa juu angani: ndege yenye watu wawili, Cull na Arnold, iliyokuwa ikiwapasha habari kwa simu ya upepo juu ya mahali kila kombora lilipoangukia. Ndege ilipigwa. Ilipokuwa ikishuka Arnold aliendelea kutuma maelekezo, na wote wawili wakaangukia mtoni na kuokolewa wakiwa hai. Makombora yaliyofuata yakampata adui. Nahodha wa Königsberg, Max Looff, akaamuru meli yake ilipuliwe.

Hiyo ndiyo sababu nilimwambia mwanangu kwamba yetu iko huku. Miaka mingi kabla ya Midway, meli ilibeba ndege hadi pwani yetu, na ndege ikawa jicho la meli. Na ilipofika Januari 25, 1964, watu wa Dar es Salaam waliona manowari halisi ya kubeba ndege, HMS Centaur ya Uingereza, ikituma wanajeshi kwa helikopta kuzima maasi ya askari katika kambi ya Colito. Meli hiyo haipo tena. Ilikatwakatwa, ikauzwa kama chuma chakavu.

Waliobeba mzigo

Ungedhani hadithi ya Königsberg iliishia mtoni. La hasha! Wajerumani walirudi wakaiopoa mizinga yake yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu katika karakana ya reli, kisha wakaipigania vita vya nchi kavu hadi bara. Mmoja ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ile iliyozamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Sasa weka mkono wako juu ya mzinga ule wa Ngomeni. Usukume kidogo. Hautikisiki! Basi jiulize: nani aliyeukokota kutoka kwenye matope ya Rufiji, msituni, milimani, kwenye mvua? Hapakuwa na trekta. Ndorobo waliua ng'ombe na farasi. Iliyobaki ni migongo na mabega ya watu, Waafrika, kwa mamia kwa kila mzinga.

Upande wa Waingereza ilikuwa vivyo hivyo. Vijana walichukuliwa kutoka kila pembe ya Kenya, wengi bila hiari yao, wakawe wapagazi wa jeshi, wakabebeshwa unga, risasi na majeruhi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikageuza jina hilo likawa Kariakoo. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, kuliko kwa risasi. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa upande wa Uingereza pekee wanakaribia 100,000.

Marehemu babu yangu alikuwa na kisa alichokirudia kila mara. Mjomba wake alikwenda Kariakoo akiwa kijana, na hakurudi. Hakuna barua iliyokuja. Hakuna kaburi. Mama yake, babu alisema, aliendelea kumwekea chakula kwa muda mrefu, hadi siku moja akaacha bila kumwambia mtu.

Nilimsimulia mwanangu kisa hicho tukiwa kando ya mzinga. Akaunyooshea kidole. "Ni yeye aliuvuta huu?"

"La, huu ulivutwa na watu wa upande wa pili. Huenda yeye alikuwa mbele yake."

Alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hivyo waliovuta na waliopigwa wote walikuwa watu wetu?"

Msomaji wangu, sikuwa na la kuongeza. Mizinga ile ya maadui wawili imehifadhiwa, imepakwa rangi, na majina ya meli zake yanajulikana. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao. Lakini mpagazi yuko wapi? Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Imechukua zaidi ya miaka 100 kusema hivyo.

Ukitaka kwenda

Ngome hufunguliwa kila siku. Beba kitambulisho, kwa sababu ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, na ya watoto ni ndogo zaidi. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, na muwe na maji ya kunywa na kofia. Tenga saa tatu angalau. Ukikutana na mwongozaji, patana naye bei kabla hamjaanza kuzunguka, kisha mwache mtoto aulize maswali yake mwenyewe. Tiketi za treni zikate mapema, hasa wakati wa likizo. Na ukitoka ngomeni usikimbilie hoteli. Pita Mji wa Kale, ambao umeanzia hapo mlangoni, mnywe kahawa chungu na mle viazi karai.

Lakini kuna kituo kimoja cha mwisho, nacho hakina ada.

Tuliporudi Nairobi hatukupanda gari la Thika mara moja. Kutoka Ngara niliichukua familia yangu kwa miguu hadi soko la Kariokor, ambako huuzwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Ni jina lile lile la kikosi cha wapagazi, na lipo hata Dar es Salaam. Sisi wa Thika na Ruiru hupita karibu nalo kila tuendapo mjini, miaka nenda miaka rudi.

Mama watoto akachagua kyondo. Kijana akamwamkia muuzaji, mama wa makamo, akamwuliza maana ya neno Kariokor.

"Ni jina tu la soko, mwanangu," akajibu yule mama, akitafuta chenji. "Tulilikuta hivyo."

Basi mwanangu akaweka chini mfuko wake, akaanza kumweleza: vita vya mwaka wa 1914, mzinga wa Königsberg, mjomba wa babu yake. Yule mama akaacha kutafuta chenji. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata kwao, Murang'a, kulikuwa na mzee aliyechukuliwa hivyo hivyo.

Mpenzi msomaji, Jumapili ya leo, mkimaliza chakula, muulize mzee aliye karibu nawe: katika ukoo wetu, nani alikwenda Kariakoo? Liandike jina utakalopewa.